Mitutu Isiyo Sambamba

"Baba yako aliwahi kumiliki bunduki?"

Afisa aliyeniuliza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, anajipangusa pua kwa kitambaa huku akipekua karatasi za dosiye yetu. Dosiye ndilo neno letu sisi Wakongo wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kwa lile jalada ambalo maisha ya familia nzima yamelala ndani yake. Ikitembea, mnapelekwa kuishi nchi ya tatu, ng'ambo. Ikisimama, mnaendelea kupanda mahindi. Yetu ilikuwa imesimama kwa miaka mingi, na siku hiyo ilikuwa imetingishika kidogo. Kila mmoja wetu alihojiwa katika chumba chake, na sababu inajulikana hata na watoto: majibu yasipofanana, dosiye inarudi chini ya rundo. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilimsikia akivuta kiti.

Miezi michache kabla ya hapo ningejibu huku nikicheka. Baba yangu ni seremala. Anatengeneza vitanda, viti na majeneza, analima, anaimba besi kanisani. Hata kuku wa Krismasi huchinjwa na mama. Lakini siku hiyo nilifungua mdomo, mimi ambaye sijakosa la kusema tangu nijue kusema, na sikuwa na jibu.

Nawalaumu nguruwe.

Shamba letu liko nje kidogo ya mpaka wa kambi, kwenye ardhi tuliyoikodi kwa mzee mmoja mfugaji wa upande wa Rwekubo. Msimu ule nguruwe pori walitoka kwenye mafunjo karibu kila siku kabla ya jua kuzama. Hawali kama wezi wenye haya. Wanaangusha mstari mzima, wanaonja hindi moja hapa na jingine pale, wanakwenda zao. Tulipiga madebe, tukawasha moto, tukaazima mbwa ambaye aliwatazama na kujilamba. Mwishowe mwenye ardhi akasema dawa ya usumbufu huo anayo, akaingia ndani, akatoka na bunduki.

Haikuwa bunduki ya askari. Ilikuwa ya baruti nyeusi, ile ya kushindilia kwa kupitia mdomoni, jamii ya bunduki ambazo Watanzania huziita gobori. Ila hii ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, triga mbili, na ndani ya kila mtutu mistari inayozunguka kama ya parafujo, ili gololi, ndiyo risasi yake, itoke ikijizungusha. Mzee aliirithi kwa baba yake. Baba yake aliipata wapi, kila nilipouliza nilipewa hadithi mpya. Kitu kimoja tu hakikubadilika: laisensi. Aliifunika kwa plastiki akatembea nayo mfukoni, akiwaonyesha watu ambao hawakuuliza.

"Mimi iko na laisensi, nyabo," aliniambia, akiniita bibi kwa lugha yao. "Wewe unayo?"

"Laisensi ya nini, mzee?"

"Ya kitu yoyote."

Sikuwa nayo ya kitu chochote. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa fizikia kutoka Mbarara na sikuwa na kazi.

Jioni ya kwanza alipiga mtutu wa kulia. Gololi ikaenda kulia, mbali kabisa na nguruwe, ikatoboa pipa lake mwenyewe la maji ya ng'ombe. Akapiga wa kushoto, ikaenda kushoto, ikakata tawi la mgunga. Nguruwe wakasimama kidogo kama watu wanaosikiliza tangazo, kisha wakaendelea kula.

"Kama shida ni kuwafukuza," nikasema, "kelele si inatosha? Kwa nini ilenge?"

"Bunduki yenye haipigi mahali macho naangalia, hiyo ni ngoma," alijibu, akitazama maji yakimwagika. "Mimi hapana chukua laisensi ya ngoma. Wewe ni musomi. Tazama hii kitu inataka nini."

Nyumbani baba alikataa kabla sijamaliza kusimulia.

"Hakuna mutu wa mu nyumba yangu atashika ile kitu."

"Nitaipima tu, papa. Kupima si kushika."

"Dosiye, mama." Baba huniita mama, kama Wakongo wengi wanavyowaita binti zao, na hunipa heshima hiyo hasa anapotaka ninyamaze. "Dosiye haina masikio, lakini inasikia."

Sikubishana. Nilimwomba anichongee fito mbili zilizonyooka, za kuingia kwenye tundu bila kulegea.

"Ya upana gani?"

"Kama kidole."

Hakuuliza kidole cha nani. Alichukua mti, akaulaza kwenye meza ya kazi, akachonga bila rula. Fito zile zilipoingia kwenye mitutu ya mzee, ziliteleza hadi chini na hazikutikisika hata kidogo, kana kwamba zilizaliwa humo. Niliporudi nikamuuliza alijuaje.

"Ulisema kidole."

"Papa, hujaiona hiyo bunduki kwa karibu hata siku moja."

"Bidole biko sawa mu dunia yote."

Huyo ndiye mtu niliyelelewa naye. Unauliza swali zuri kabisa, unapewa sentensi ya kufungia mlango.

Kipimo changu kilikuwa rahisi. Fito zilitokeza mbele ya mitutu karibu urefu wa mkono. Nikapima nafasi kati yake pale zinapotoka mdomoni, kisha nikapima kwenye ncha. Nafasi ya kwenye ncha ilikuwa ndogo zaidi. Nikarudia mara tano. Mitutu haikuwa sambamba. Ilikuwa inaelekeana, kama watu wawili wanaotaka kunong'onezana.

"Mzee, bunduki yako imepinda."

"Imepinda?"

"Tazama fito. Njia zake zinakwenda kukutana."

Hapa nilipaswa kujiuliza jambo moja: kama mitutu inaelekeana, kwa nini gololi zinaachana? Nilijiuliza, kwa kweli. Nilijiuliza kwa sekunde mbili hivi, nikaamua kwamba mzee hajui kulenga. Watu wanaouliza kila kitu wana ugonjwa wao, nao ni kuridhika haraka na majibu yao wenyewe.

Baba alikuwa akipiga randa ubao wa jeneza nilipomletea habari.

"Iko sawa vile," alisema. "Baiache."

"Sawa vipi? Mistari miwili ikielekeana inakutana halafu inaachana. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi."

"Iko sawa."

"Kwa nini?"

"Ju iko sawa."

Nadhani jibu hilo ndilo lililonifikisha chuo kikuu. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunijibu kwa nini.

Basi asubuhi moja nikapanda pikapu ya mzee, katikati ya mikebe ya maziwa aliyokuwa akipeleka Mbarara, na bunduki ikiwa imefungwa ndani ya foronya ya godoro. Kwenye kizuizi cha polisi alitoa laisensi kabla askari hajaomba. Askari aliisoma, akachungulia kwenye foronya, akauliza kama kitu hicho kinapiga kweli.

"Kinapiga," mzee akasema, "lakini kinapiga kama mulevi. Sasa huyu musomi nanyoosha."

Nilikaa wima kidogo. Nisidanganye, nilifurahi.

Mjini hatukumpata fundi wa bunduki. Tulimpata fundi wa kuchomelea mageti, kijana mchangamfu aliyekuwa tayari kunyoosha chochote chini ya mbingu. Nilimweleza kazi: ayeyushe madini ya risasi yaliyounganisha mitutu, aitenganishe, kisha aiunganishe tena ikiwa sambamba. Nilimchorea kwa chaki kwenye sakafu yake. Akasifu mchoro. Akaibana bunduki kwenye jiliwa, akavaa miwani myeusi, akaanza kutafuta kiberiti cha kuwashia gesi.

Simu yangu ikalia. Alikuwa baba, mtu ambaye hupiga simu kwa habari za misiba tu.

"Mama, uko wapi?"

"Mbarara. Kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Wa kuchomelea."

Nilisikia kuku wetu nyuma yake.

"Moto umefika ku mitutu?"

"Bado."

"Mwambie aache. Ile mitutu ikishaachana, hairudiane tena. Hata Mungu ashike nyundo."

"Nipe sababu moja, papa. Moja tu, nitamwambia aache."

"Nikikupatia sababu," alisema, "utauliza niliitolea wapi."

Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimemuuliza mtu huyo maswali, na hilo lilikuwa jibu la kwanza lililonisimamisha. Fundi alikuwa amepata kiberiti. Nikamwambia asubiri. Kisha nikamwambia aache kabisa.

Mzee alinitazama kana kwamba nimemwibia ng'ombe.

"Nyabo. Asubuhi unaniambia imepinda. Sasa imenyooka?"

"Sijui, mzee."

"Imenyooka kwa simu?"

Aliirudisha kwenye foronya, na njia nzima ya kurudi alizungumza na mikebe ya maziwa, si na mimi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye bonde kavu nyuma ya zizi lake, mahali pasipopita watu. Tulitundika gunia kwenye kichuguu, tukalichora duara kwa mkaa, tukahesabu hatua hamsini. Mzee ndiye mwenye laisensi, kwa hiyo mzee ndiye mpigaji. Mimi nilikuwa na daftari. Hatukuwa tumemwalika baba, lakini alitokea kupitia mahindini, amevaa koti lake la kanisani.

"Nimekuja kuangalia mahindi," alisema.

Akasimama hatua nne kutoka kwetu, akaipa bunduki mgongo, akaingiza mikono yake yote miwili kwapani, kama mtu anayesikia baridi. Jua lilikuwa kali.

Mzee alipima baruti kwa kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto. Alikijaza nusu. Baruti ilitoka Mbarara, kwenye duka lenye kibali, naye aliitumia kama mjane anavyotumia mafuta ya taa. Akaimimina, akashindilia gololi iliyofungwa kitambaa, akaweka fataki, akalaza mitutu juu ya mfuko wa mchanga.

"Mwambie muzee asilaze mitutu ku mufuko," baba aliniambia bila kugeuka. "Alaze mukono, bunduki ikae ndani ya mukono. Ikilala ku kitu kigumu inaruka."

"Anasema uweke mkono chini yake," nikamwambia mzee.

"Nani nasema? Yule naangalia mahindi?"

Lakini aliuweka mkono. Akapiga. Moshi mweupe ukafunika kila kitu, na harufu kama ya mayai yaliyooza.

"Imelia mulegevu," baba akasema. "Imeenda kuume."

Nilikimbia hadi kwenye gunia. Tundu lilikuwa kulia, nje kabisa ya duara. Mtutu wa kushoto ulipopigwa ulikwenda kushoto, nao baba aliutaja kabla sijafika. Mtu alikuwa ameipa shabaha mgongo. Nilirudi nimekasirika kama mtu anayechezewa karata.

"Papa, unajuaje?"

"Anatia baruti ngapi?"

"Unatia kiasi gani, mzee?" nikauliza, nikitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, kati ya wanaume wawili waliosikilizana vizuri kabisa.

"Nusu. Baruti si sukari."

"Ajaze," baba akasema.

"Haiwezekani," nikasema. "Bunduki ikikosea ukaiongezea nguvu, itakosea kwa nguvu zaidi. Kosa liko kwenye mitutu. Nimelipima!"

"Ndiyo, mama. Ajaze kidogo kidogo."

Mzee aliongeza kidogo, huku akinung'unika. Matundu yakasogeleana. Akaongeza tena, yakaingia kwenye duara, moja upande huu na jingine upande ule. Kila mara nililisubiri kosa langu lijitokeze, na kila mara lilizidi kupungua, bila kunipa sababu yoyote. Niliandika namba kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Sasa kikombe kizima," baba akasema, "ya kulingana na mudomo. Asipite pale. Akipita, zitapishana."

Kusikia asipite, mzee akapita. Ndivyo alivyo. Alijaza kikombe hadi kikawa na kilima, akapiga mitutu yote miwili, mmoja baada ya mwingine, akarudi nyuma hatua mbili akishika bega.

"Bambi!"

Nilikwenda kutazama. Tundu la mtutu wa kulia lilikuwa upande wa kushoto. La kushoto lilikuwa kulia. Nilirudi taratibu sana.

"Zimepishana?" baba akauliza.

Nikafungua daftari, nikaandika. Sikutaka kumpa raha hiyo.

Kwa kikombe kilichosawazishwa na kidole, gololi mbili zilitua kando kwa kando katikati ya duara, karibu kama matundu ya pua ya ng'ombe. Mzee aliruka. Kweli aliruka, na umri wake wote. Alikwenda kulishika gunia, akalinusa, akarudi na bunduki ameinyoosha kwa mikono miwili kuelekea mgongo wa baba.

"Sebo! Geuka. Hii kitu nakujua wewe kuliko mimi. Piga moja."

"Hapana, muzee."

"Moja tu. Nani naona? Ng'ombe?"

"Hapana."

"Unaogopa?"

"Ndiyo," baba akasema, akaizamisha mikono zaidi kwapani.

Alilisema kwa upole, kama anavyosema ndiyo kwa kila karani, kila askari, kila mtu mwenye kalamu na kiti. Nimeisikia ndiyo hiyo tangu utotoni na nimeichoka. Siku hiyo ilinichoma zaidi, kwa sababu alikuwa amesimama hapo, ndiye mtu pekee bondeni aliyejua lolote, na aliogopa karatasi.

Nilijiambia kwamba jaribio lazima lirudiwe na mtu mwingine. Kwamba huenda mzee, bila kujua, alikuwa akilenga pale alipoambiwa gololi itakwenda. Hoja hiyo si mbaya. Lakini haikuwa hoja iliyonyoosha mikono yangu. Ilikuwa hasira. Nilimwambia mzee ashindilie, nikaichukua bunduki, nikalaza mkono kwenye mfuko wa mchanga. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikavuta triga ya kulia, kisha ya kushoto.

Moshi ulipoondoka baba alikuwa amegeuka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Alinitazama mimi, hakutazama gunia.

"Umefanya nini," alisema, na halikuwa swali.

"Zimeingia zote mbili!" mzee akapiga kelele kutoka kwenye kichuguu. "Nyabo, zote mbili! Chukua laisensi!"

Baba alikuwa tayari ameingia mahindini.

Hakusema nami kwa siku nne. Bega langu lilikuwa jeusi na sikuweza kumwonyesha mtu. Siku ya tano, huku akipaka gundi mguu wa kiti, aliuliza:

"Bakikuuliza, utasema nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani?"

"Nijibu wewe kwanza. Ulijuaje yote yale?"

Akabana mguu wa kiti, akafuta gundi iliyotoka, akatoka nje kutafuta kamba ambayo ilikuwa mezani mbele yake.

Wiki chache baadaye ukaja ujumbe wa simu kwamba tunaitwa kuhojiwa. Na sasa nilikuwa hapa, mbele ya mwanamke mwenye mafua.

"Nimeuliza," alisema tena. "Baba yako aliwahi kumiliki bunduki?"

"Sijui."

"Wewe ni kifungua mimba. Hujui?"

"Sijui." Nilisikia nikiendelea. "Ninachojua ni kwamba mimi nimepiga bunduki. Mara mbili. Ilikuwa ya mzee mwenye laisensi. Nilipiga gunia."

Kalamu yake ilisimama.

"Sijakuuliza wewe. Nimeuliza baba yako."

"Najua. Lakini hilo ndilo ninaloweza kulijibu."

Aliandika kwa muda mrefu mno. Niliyatazama maneno yakigeuka kichwa chini kuelekea kwangu, nikajaribu kuyasoma, nikashindwa.

Baba alikuwa anangoja kwenye benchi la nje. Alikuwa amenunua chapati moja, akaikata, akanipa nusu kubwa.

"Bamekuuliza?"

"Ndiyo. Kuhusu wewe."

"Ukasema?"

"Nikasema sijui."

"Na ya gunia?"

"Hiyo nimesema."

Alifumba macho. Nilingoja anigombeze, nikiwa nimejiandaa kwa hoja tatu. Akatafuna chapati yake polepole hadi ikaisha.

"Sawa," alisema. "Twende. Kuko kazi."

Dosiye ilinyamaza tena. Mwezi ukapita, na mwingine, na mvua ikaja na kuondoka. Jirani zetu waliohojiwa wiki ile ile walifanyiwa vipimo vya afya, wakagawa masufuria yao, wakaenda. Sisi tulirithi sufuria. Mama alianza kuniita "mwenye ukweli", kama jina la biashara: mwenye ukweli, lete kuni, mwenye ukweli, umetia chumvi? Sikuwa na utetezi. Nguruwe walirudi siku moja tu, mzee akapiga juu ya vichwa vyao, palepale alipotaka, na hawakurudi tena msimu ule. Alikuwa mtu pekee aliyefaidika, na alitusimulia hivyo kila alipopita.

Nilipopata kibarua cha kufundisha Mbarara, nilitumia mchana mzima kwenye kompyuta za maktaba kutafuta kosa langu. Nililipata. Mtutu wa kulia hauko katikati ya bunduki, uko kulia kwake. Kwa hiyo baruti inapowaka, bunduki nzima inageukia kulia kabla gololi haijatoka mdomoni. Wa kushoto vivyo hivyo, kushoto. Fundi anayejua kazi huiinamisha mitutu ikaelekeana, kwa kiasi kile kile ambacho bunduki itaitupa nje. Baruti ikiwa kidogo, gololi inachelewa na bunduki inapata muda wa kugeuka kupita kiasi. Ikizidi, gololi inatoka mapema na njia zinapishana. Mitutu iliyo sambamba haipigi mahali pamoja. Nilitaka kumfanya mzee wa watu awe na bunduki mbovu maisha yake yote, na nilikuwa nimechora kwa chaki.

Nilimpelekea baba mchoro, wenye mishale na namba. Aliutazama kwa muda mrefu, akaufuata mshale mmoja kwa kucha.

"Ni vile," alisema.

"Ulikuwa unaijua hii?"

"Ya mishale, hapana. Ya mukono, ndiyo."

"Mkono wa nani, papa?"

Alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye mchoro wangu, akaukunja vizuri, akauweka kwenye Biblia yake, akarudi kwenye randa. Nilitoka nje nikaupiga teke mlango wa choo.

Miaka miwili baadaye nilirudi kwenye ofisi ile kwa jambo la kipuuzi kabisa: jina la mdogo wangu liliandikwa vibaya, na shule ilikataa kumsajili kwa mtihani. Karani akatoa nakala ya ukurasa wa kwanza wa dosiye yetu, ule ulioandikwa tulipofika, nikiwa na miaka sita, akaniambia nihakiki majina yote niweke alama. Nikahakiki jina la mama, langu, la mdogo wangu. Kisha macho yakashuka hadi kwenye jina la baba.

Mbele ya neno kazi, kwa mkono wa karani fulani wa zamani, paliandikwa: fundi wa bunduki za wawindaji. Mbele ya silaha: alimiliki moja, ya baruti, mitutu miwili, aliitengeneza mwenyewe, aliivunja kwa nyundo kabla ya kuvuka mpaka. Chini yake palikuwa na sahihi ya baba, na tarehe ya wiki ile ile tuliyoingia Nakivale.